Kura Saba za Millwall

(Hotuba kwa Waswahili wakaazi wa mashariki ya London, kuhusu uchaguzi wa halmashauri ya Tower Hamlets)

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu nyote, asalaam alaykum, Bwana asifiwe, na jioni njema kwa kila aliyefika.

Usiku wa tarehe 16 Septemba 1993, katika kata ya Millwall, hukuhuku mashariki ya jiji, zilihesabiwa kura za uchaguzi mdogo wa kumpata diwani mmoja. Mgombea wa Labour alipata kura 1,473. Derek Beackon wa British National Party, chama kilichokuwa kikitaka waziwazi watu weusi na Waasia warudishwe makwao, alipata 1,480. Hicho kilikuwa kiti cha kwanza cha udiwani ambacho chama hicho kilishinda popote Uingereza, na kilishinda kwa kura saba. Watu saba ndugu zangu, hao ni wa sinia moja la pilau.

Nimeombwa nizungumzie uchaguzi wa serikali za mitaa katika nchi hii. Ningeweza kuanza na London nzima, lakini halmashauri zake ni nyingi na kila moja ina yake. Nimechagua moja, Tower Hamlets, nikijua kwamba wengi wenu mnaishi ndani yake au jirani yake, na kwa sababu naamini historia yake ya kura inatuhusu sisi zaidi kuliko tunavyodhani. Katika eneo hili wageni walifika bila kitu, wakakaa vyumba vya kubanana, wakatukanwa barabarani, kisha wakaingia kwenye ukumbi wa madiwani na kukalia viti. Walioingia hivyo si kundi moja. Na ninataka mwone kwamba mlango waliopitia uko wazi hata leo kwa wengi wetu tuliomo humu.

Kwanza tukumbushane mambo ya msingi. Tower Hamlets ni eneo dogo, halifiki kilomita za mraba 20, lakini sensa ya 2021 ilikuta humo watu zaidi ya 310,000. Halmashauri ndiyo inayogawa nyumba za umma, ndiyo inayoshughulikia taka, maktaba, huduma za wazee na za watoto, sehemu kubwa ya mambo ya shule, na vibali vya ujenzi. Ukiwa na mtoto mwenye pumu katika nyumba yenye ukungu, mtu wa kumlilia ni diwani wa kata yako; mbunge ana mengine. Madiwani huchaguliwa kila baada ya miaka minne. Kata nyingi zina viti viwili au vitatu, na mpiga kura hupewa kura kulingana na idadi ya viti hivyo. Ndiyo maana chama kikiongoza kidogo tu katika kata mara nyingi huzoa viti vyote vya kata hiyo. Kumbukeni hilo, litatusaidia kuelewa mawimbi makubwa yanayokuja mbele.

Halmashauri yenyewe ilianza kazi tarehe 1 Aprili 1965, baada ya kuunganishwa maeneo matatu ya zamani: Stepney, Bethnal Green na Poplar. Lakini siwezi kuanzia hapo. Lazima nirudi nyuma, kwenye Poplar ya makuli wa bandarini.

Sheria ya mwaka 1918 ilipanua sana daftari la wapiga kura. Watu waliokuwa wamezuiwa kwa umaskini wao, pamoja na wanawake wengi, wakaingizwa. Mwaka uliofuata, 1919, ukafanyika uchaguzi wa madiwani, na Poplar ikageuka: Labour ilipata viti 39 kati ya 42. Meya akawa George Lansbury. Walioketi kwenye viti hivyo walikuwa vibarua wa bandarini, watu wa reli, akina mama wa nyumbani. Wakaanza kujenga nyumba, wakaweka mshahara wa chini wa pauni 4 kwa wiki kwa wafanyakazi wa halmashauri, na wakalipa wanaume na wanawake sawa. Mwaka 1920 huo, jamani.

Kisha kazi ikakosekana bandarini na umaskini ukazidi. Wakati huo kila eneo la London lilikuwa likiwatunza maskini wake kwa fedha zake lenyewe. Westminster ya matajiri ilikuwa na majengo ya thamani ya kutoza kodi na maskini wachache. Poplar ilikuwa na maskini wengi na majengo duni. Juu ya hayo, Poplar ilitakiwa itoe michango ya kuendesha London County Council (halmashauri kuu ya jiji), polisi na taasisi nyingine za jiji zima. Mwaka 1921 madiwani wakakataa kukusanya michango hiyo. Walisema fedha zilizopo zitalisha watu kwanza.

Walipoitwa Mahakama Kuu, waliandamana kwa miguu kutoka Poplar, bendi ikipiga na wananchi wakiwa nyuma yao. Mwezi Septemba madiwani 30 wakafungwa, wanaume gereza la Brixton na wanawake gereza la Holloway. Mmoja wa wanawake hao, Nellie Cressall, alikuwa mjamzito. Na humo gerezani waliendelea na vikao vya halmashauri! Wanawake walitolewa Holloway wakapelekwa Brixton ili kikao kitimie. Baada ya wiki sita serikali ikawaachia, na Bunge likapitisha sheria iliyogawa mzigo wa kuwatunza maskini kati ya maeneo yote ya London. Minnie Lansbury, mkwe wa meya yule, mwanamke wa asili ya Kiyahudi aliyekuwa mwalimu, alitoka gerezani akiwa dhaifu, akafariki tarehe 1 Januari 1922. Alikuwa na umri wa miaka 32.

Mwaka huohuo wa 1922 Labour ilipigwa vibaya katika maeneo mengi ya London, lakini Poplar haikuwaacha watu wake. Nimekaa sana kwenye kisa hiki kwa sababu ndicho kilichoifundisha sehemu hii ya jiji kwamba diwani anaweza kuwa mtu wa kawaida kabisa, na kwamba kiti kidogo kikikaliwa na mtu asiyeogopa kinaweza kubadilisha sheria ya nchi.

Upande wa Stepney, meya wa mwaka 1919 alikuwa Clement Attlee, yuleyule aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1945. Wazee waliotoka Dodoma na Mtwara watamjua kwa njia nyingine: ni serikali yake iliyoleta ule mradi wa karanga wa Kongwa na Nachingwea, ulioteketeza mamilioni ya pauni. Stepney hiyohiyo ilijaa Wayahudi waliokimbia mateso ya Urusi na watoto wao. Wengi walikuwa mafundi cherehani. Mwaka 1937 Phil Piratin alichaguliwa diwani huko kwa tiketi ya chama cha Kikomunisti, na mwaka 1945 akawa mbunge wa Mile End. Hakupata viti hivyo kwa kusoma vitabu vya Marx mbele ya watu. Yeye na wenzake walikuwa wakiwapigania wapangaji, nyumba kwa nyumba, dhidi ya wenye majumba waliokuwa wakitoza kodi kubwa kwa vyumba vibovu.

Nyumba! Mtalisikia neno hilo mpaka mwisho wa mazungumzo haya, maana uchaguzi wa Tower Hamlets haujawahi kuachana na suala la nyumba.

Miaka ya 1964, madiwani wa kwanza wa halmashauri mpya walipochaguliwa, hadi 1978 nitaipita haraka. Labour ilitawala bila wasiwasi. Hata mwaka 1968, Conservative walipoichukua London karibu yote na Labour kubakiwa na halmashauri 3 tu kati ya 32, Tower Hamlets ilikuwa mojawapo ya hizo tatu. Kwa maoni yangu, utawala ule wa raha ndio uliowaharibu. Chama kisichoogopa kushindwa hakibishi hodi, na kisipobisha hodi hakijui waliohamia nyumba ya pili ni akina nani.

Na waliokuwa wamehamia ni watu wa Sylhet, eneo la kaskazini-mashariki ya Bangladesh ya leo. Mabaharia wao walianza kushuka kwenye meli za Kiingereza tangu enzi za ukoloni wa India. Baadaye wakaja vijana kufanya kazi katika karakana za nguo za Spitalfields na Whitechapel, zilezile walizokuwa wakifanya kazi Wayahudi kabla yao. Hata msikiti wa Brick Lane ulikuwa sinagogi, na kabla ya hapo kanisa. Halmashauri iliwapa nyumba mbaya kuliko zote, au isiwape kabisa, wakaishia kuvamia majengo matupu na kuishi humo.

Tarehe 4 Mei 1978 ilikuwa siku ya kupiga kura za udiwani. National Front, chama cha ubaguzi cha wakati huo, kilikuwa kimesimamisha wagombea eneo hilo. Jioni ya siku hiyo kijana mmoja fundi nguo, Altab Ali, alitoka kazini akielekea nyumbani. Alichomwa kisu Adler Street, karibu na Whitechapel Road, akafa. Siku kumi baadaye maelfu ya Wabengali walitembea nyuma ya jeneza lake mpaka Downing Street. Ile bustani ya Whitechapel tunayopita kila siku tukienda sokoni imeitwa kwa jina lake tangu 1998. Ningependa tukipita pale na watoto wetu tuwaeleze.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hawalijui. Wale vijana wa Sylhet hawakuhitaji kusubiri uraia wa Uingereza ili wapige kura. Nchi yao ilikuwa ndani ya Jumuiya ya Madola, na sheria ya nchi hii inampa raia wa Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali haki ya kujiandikisha, kupiga kura, na akitimiza masharti, hata kugombea. Haki hiyo ilikuwepo siku zote, kimya. Baada ya 1978 wakaishika. Vijana waliokuwa wakikesha kulinda mitaa dhidi ya wahuni wakaanza kuzunguka na fomu za daftari. Mwaka 1982 vyama viliendelea kwa kiasi kikubwa kuwapuuza, basi wakasimamisha wagombea wao. Katika kata ya Spitalfields, Nurul Huque alisimama akiwa mgombea binafsi, akaishinda Labour katika ngome yake na kuwa diwani. Baada ya hapo Labour ikaamka. Katika kila orodha ya wagombea iliyofuata yalionekana majina ya Kibengali.

Wakati huohuo upande wa Bow, Waliberali walikuwa wakifanya kazi ambayo Labour ilikuwa imeiacha. Walizunguka na vipeperushi kuhusu lifti mbovu na taa za barabarani. Mwaka 1978 walipata viti 7. Mwaka 1986, wakiwa katika muungano wao na SDP, chama kilichojitenga na Labour, walipata viti 26 na Labour 24, na utawala wa miaka zaidi ya ishirini ukaanguka. Wakaigawa halmashauri katika mitaa saba, kila mtaa na ofisi yake, bajeti yake na madiwani wake wa kuamua. Wazo la kusogeza huduma karibu na watu ni zuri, silipingi. Lakini walilichanganya na sumu. Wakaweka mpango wa kuwapa kipaumbele cha nyumba watoto wa wenyeji. Kwa maneno unaonekana hauna ubaya, ila ukijua kwamba wenyeji wa miaka mingi walikuwa Wazungu na wenye familia zilizobanana walikuwa Wabengali, unaelewa nani aliachwa nje. Walifikia hata kudai kwamba familia zilizotoka Bangladesh zilikosa makazi kwa kusudi, kwa sababu ziliacha nyumba zao huko. Suala hilo likaenda mahakamani. Mwaka 1993 chama chao cha kitaifa kililazimika kuunda uchunguzi juu ya vipeperushi vya tawi hilo vilivyochochea ubaguzi.

Hapo ndipo Millwall inapoingia. Kata hiyo iko Isle of Dogs, rasi iliyozungukwa na mto Thames pande tatu. Gati zake zilifungwa mwaka 1980. Nyumba za halmashauri ziliuzwa na chache zikajengwa. Wakati huo serikali kuu ilikuwa imelikabidhi shirika lake la kuendeleza eneo la bandari mamlaka ya vibali, halmashauri ikabaki kutazama, na mnara wa Canary Wharf ukapanda mpaka ukawa jengo refu kuliko yote nchini. Mtoto wa kuli aliyekosa chumba cha kuanzia maisha aliuona mnara ule kila asubuhi. Alihitaji wa kumlaumu, na kila chama kilichokuwa kikimlaumu mgeni kwa sauti ya chini kilikuwa kikiandaa njia kwa yule atakayemlaumu kwa sauti ya juu. Siwatetei waliompigia Beackon. Nasema tu kwamba hawakushuka kutoka mbinguni.

Beackon alikaa udiwani miezi minane tu. Mei 1994 ulipofika uchaguzi mkuu wa madiwani, watu wa makanisa, misikiti, vyama vya wafanyakazi na wapangaji walipita mlango kwa mlango. Wanawake wa Kibengali waliokuwa wakiogopa kutoka wakasindikizwa kwa makundi hadi vituoni. Beackon akashindwa. Lakini tazameni hesabu: safari hii alipata kura 2,041, yaani 561 zaidi ya zile zilizompa ushindi. Wafuasi wake hawakupungua hata kidogo, waliongezeka. Alichoshindwa nacho ni wale waliokuwa wamekaa nyumbani Septemba, ambao Mei walitoka. Mimi nikiwasikia ndugu zetu wakisema kura moja haina maana, hesabu hii ndiyo hunijia. Mwaka huo Labour ilirudi halmashauri nzima kwa viti 43 dhidi ya 7 vya Liberal Democrats, ndio wale Waliberali kwa jina jipya.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya utulivu kidogo, mpaka vita vya Iraq. Mwaka 2005 George Galloway, aliyefukuzwa Labour, alimshinda mbunge Oona King katika jimbo la Bethnal Green and Bow kwa kura 823. Mwaka uliofuata chama chake cha Respect kilipata madiwani 12, na Labour ikabaki na viti 26 kati ya 51, ikishikilia halmashauri kwa kiti kimoja.

Mei 2010 wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni kama wanataka halmashauri iongozwe na meya anayechaguliwa na wapiga kura wote badala ya kiongozi anayechaguliwa na madiwani. Waliokubali walikuwa 60,758, waliokataa 39,857. Siku hiyohiyo Labour ilizoa viti 41. Ungedhani umeya ni wao. Wanachama wao wa eneo wakamchagua Lutfur Rahman, wakili aliyekulia humo na aliyekuwa kiongozi wa halmashauri. Makao makuu ya chama yakamwondoa kwa tuhuma na kumweka mwingine. Rahman akasimama peke yake. Oktoba, walipojitokeza takriban robo tu ya waliojiandikisha, alipata kura 23,283 na mgombea wa Labour 11,254. Mei watu walipokuwa wengi Labour ilitamba. Oktoba walipokuwa wachache, alishinda mwenye watu wanaotoka bila kuitwa mara mbili.

Mei 2014 alishinda tena, safari hii dhidi ya John Biggs wa Labour, kwa tofauti ya kura 3,252 baada ya kuhesabiwa chaguo la pili, maana wakati huo mpiga kura wa umeya aliweza kutaja chaguo la kwanza na la pili. Kuhesabu kura za madiwani kulichukua siku kadhaa, huku watu wakibishana nje ya ukumbi. Wapiga kura wanne wakafungua shauri la kupinga matokeo.

Nitalieleza hili kwa uangalifu, kwa sababu najua humu ndani lina watu wake. Shauri lilisikilizwa na kamishna wa mahakama ya uchaguzi, Richard Mawrey, mwanasheria ambaye mwaka 2005 alikuwa amebatilisha uchaguzi wa kata mbili za Birmingham kwa wizi wa kura za posta. Tarehe 23 Aprili 2015 akatengua umeya. Alikuta kwamba kulikuwa na watu waliopiga kura kwa majina ya wengine, kwamba ruzuku za halmashauri zilitumika kama rushwa ya kununua makundi, na kwamba Biggs alisingiziwa kuwa mbaguzi wa rangi. Alikuta pia kwamba waumini walishinikizwa kiroho, akitaja barua iliyosainiwa na viongozi wa dini 101 katika gazeti la Kibengali. Kosa hilo la shinikizo la kiroho lilikuwa halijatumika tangu Ireland ya mwaka 1892, lilipowalenga mapadri Wakatoliki. Rahman alizuiwa kugombea kwa miaka mitano na kuamriwa alipe gharama za pauni 250,000. Polisi walichunguza, lakini hakufunguliwa mashtaka ya jinai. Kabla ya hukumu, serikali kuu ilikuwa tayari imetuma makamishna wa kusimamia mambo ya fedha ya halmashauri, nao walibaki mpaka 2017.

Msimamo wangu ni huu. Mahakama ilikuwa sahihi kukemea kura za majina ya watu wengine na ruzuku za kununua watu. Sisi tunaotoka nchi zilizoumizwa na takrima hatuwezi kulifumbia macho jambo hilo kwa sababu tu mtuhumiwa anafanana nasi. Hayo nayasema bila kigugumizi. Lakini katika suala la ile barua sijaridhika. Sheikh au mchungaji ni raia, ana haki ya kusema anamuunga mkono nani, kama mwenye gazeti la Kiingereza anavyosema kila uchaguzi bila kuitwa mahakamani. Kinachokatazwa, na kinachostahili kukatazwa, ni kumwambia muumini kwamba kura yake itampeleka motoni. Kati ya hayo mawili kuna nafasi pana, na naona hukumu ile iliibana mno.

Biggs akashinda uchaguzi wa marudio, Juni 2015, kwa kura 32,754 dhidi ya 26,384 za Rabina Khan, aliyekuwa diwani upande wa Rahman. Mwaka 2018 akashinda kwa kishindo, na Labour ikapata viti 42 kati ya 45, ingawa kura zake hazikukaribia kiwango hicho. Ni ule mpangilio wa kata niliouelezea mwanzo. Adhabu ya Rahman ikaisha. Mei 2022 akarudi na chama kipya cha Aspire: kura 40,804, Biggs 33,487, na viti 24 vya udiwani kati ya 45, zaidi kidogo ya nusu. Watu waliokuwa wakisema amekwisha walishangaa. Waliokuwa wakipita mitaani na kusikia malalamiko ya kufungwa kwa barabara na ya wapangaji hawakushangaa. Halmashauri yake ikaanza kuwapa chakula cha mchana bure hata wanafunzi wa sekondari, ya kwanza England kufanya hivyo. Mwishoni mwa 2024 serikali kuu ikatangaza kuwatuma wajumbe wake tena, baada ya ukaguzi uliotilia shaka namna ya uongozi. Yote mawili ni kweli, na mpiga kura anapaswa kuyashika yote mawili anapoingia kituoni.

Kesi ile haikuishia Tower Hamlets. Ilichangia sheria ya uchaguzi ya 2022, inayotugusa kila mmoja. Tangu Mei 2023 hupigi kura kituoni England bila kitambulisho chenye picha. Wanaofanya kampeni hawaruhusiwi kushika kura ya posta ya mtu mwingine nje ya familia yao au wanaowatunza, na mtu wa kawaida hawezi kuwasilisha za wenzake zaidi ya tano. Kwa hiyo ukijiwa mlangoni na mtu wa chama chochote, hata awe mtoto wa shangazi yako, akasema nipe bahasha nikupelekee, mwambie asante, nitaipeleka mwenyewe.

Nimalizie na swali mlilonitumia kabla ya mkutano, la nani kati yetu anaruhusiwa. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda au Msumbiji, aliyefikisha miaka 18 na anayeishi hapa kwa kibali halali, anaweza kujiandikisha na kupiga kura, ya udiwani, ya umeya na ya ubunge pia. Kibali cha masomo kinatosha. Cha kazi kinatosha. Ndugu zetu wa Kongo, Burundi, Somalia na Oman hawamo mpaka wapate uraia wa hapa au wa nchi nyingine ya Jumuiya ya Madola, na tuwaambie ukweli huo mapema wasije wakajiandikisha kimakosa wakaingia matatani. Kujiandikisha ni kwenye mtandao wa serikali au kwa fomu ya karatasi ya halmashauri. Mwisho ni siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi. Watakuuliza namba ya bima ya taifa. Usipokuwa nayo bado unaweza kuomba, watakuelekeza ushahidi mwingine. Unapoulizwa uraia, andika uraia wako wa kweli, Mtanzania au Mkenya, usiogope. Na kitambulisho kisiwatie hofu: pasipoti ya nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola inakubalika kituoni, hata ikiwa imekwisha muda, ilimradi picha bado inafanana na wewe. Asiye na chochote ataomba cheti cha mpiga kura bila malipo. Fomu ziko pale mezani karibu na mlango, na mimi nipo mpaka ukumbi ufungwe kwa yeyote anayetaka tujaze pamoja.

Ahsanteni sana.